Mtaa wa Nyuma ya Karatasi

Picha zote za zamani katika mji ule zilikuwa na mashimo meupe. Mbwa alivutwa kwa kamba na mtu asiyekuwepo. Mwavuli ulisimama hewani juu ya kichwa ambacho hakikuwepo. Bwana harusi alitabasamu, ameshika mkono wa weupe mtupu. Wageni, enzi walipokuwa bado wanakuja, waliuliza ni ugonjwa gani huu wa karatasi unaokula watu na kuwaacha mbwa. Wenyeji wakawajibu kwamba si ugonjwa, ni utaratibu.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Picha ikipatikana popote, nyuma ya kabati au katika nyumba inayobomolewa, hupelekwa Nyumba ya Tathmini. Huko husafishwa, ikatundikwa ukutani, milango ikafunguliwa, watu wakaja kutazama. Anayemwona wake husogea, akanyoosha kidole bila kugusa, akasema: huyu ni wangu. Kisha hueleza kwa nini. Akiaminika, mtu huyo wa pichani hubaki. Asiyesemewa na yeyote mpaka kivuli cha mlango kifike ukutani hukwanguliwa kwa kisu chembamba, mahali pake pakabaki peupe. Hivyo ndivyo picha ilivyopimwa thamani, si kwa mkono wa aliyeichora wala kwa uzee wake, bali kwa hao waliobaki. Na kulikuwa na sharti moja zaidi, ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelifikiria, kama vile mtu asivyofikiria ulimi wake umelala upande gani mdomoni: anayemsemea mwenzake, naye lazima awe na wa kumtambua.

Mwenye kisu alikuwa Kazija.

Aliingia katika nyumba ile siku ambayo hakuikumbuka. Huenda ilikuwa jana. Huenda ilikuwa kabla ya kuta kujengwa, na kuta zikajengwa zikimzunguka kwa kuwa hakuna aliyemwona amesimama hapo. Alikuwa msichana mwembamba, wa sauti ya chini, ambaye akipita chumbani watu huhisi upepo tu na kuvuta shuka mabegani. Alifanya kazi chini ya Bi Arafa, msimamizi wa nyumba, mwanamke mrefu ambaye uso wake hakuna aliyewahi kuukuta ukiwa na haraka.

*Nikimkwangua mtu, ni nani anayekufa? Si yeye, alishakufa zamani. Si mimi, maana mkono wangu unatembea. Basi yupo wa tatu, katikati ya kisu na karatasi, na huyo ndiye ninayemsikia akilalamika.*

Safari hii ililetwa picha ya mtaa. Haikuwa ya rangi wala ya kamera. Ilikuwa ya bamba la shaba. Mchoraji wa aina ile hulipaka bamba nta, akachora juu ya nta kwa sindano, akalizamisha kwenye tindikali. Tindikali hula pale tu sindano ilipopita. Kisha wino hujazwa ndani ya mikwaruzo hiyo na karatasi hukandamizwa juu yake. Kazija aliipenda kazi ya namna ile kuliko zote, kwa sababu kila mstari uliomo, hata ukucha wa paka, kwanza ulikuwa kidonda. Pembezoni mwa picha aliweza kupapasa bonde dogo la mraba, mahali bamba lilipoibonyeza karatasi. Alipitisha kidole pale mara nyingi. Ilikuwa kama kupapasa kizingiti.

Lakini picha ilikuwa mgonjwa. Mtu fulani, kwa nia njema, alikuwa ameigandisha juu ya boksi, na boksi lile bovu likaifanya karatasi kuwa rangi ya chai ya jana. Madoa ya kahawia yalikuwa yameota juu ya mtaa mzima, kama yale yanayoota kwenye mikono ya wazee. Kazija alilibandua boksi tabaka kwa tabaka, akililowesha kwa sponji na kulivuta kwa ubapa wa mwanzi. Akaisugua karatasi kwa makombo ya mkate mkavu mpaka makombo yakawa meusi. Palipochanika akapaziba kwa karatasi nyembamba na uji wa ngano. Kazi ilikuwa ya polepole mno, kiasi kwamba haikujulikana tena kama yeye ndiye anayeusafisha mtaa au mtaa ndio unaomfundisha kukaa kimya.

Na kwa kuwa alikaa kimya, aliingia.

Alipokuwa akisafisha kona ya kinyozi alisikia mkasi. Alipofika kwa muuza vitumbua macho yakamwasha kwa moshi. Alitembea katikati ya mtaa ule. Mwanamume aliyevuta mkokoteni hakumpigia kelele apishe, wala watoto wenye gurudumu hawakumzunguka. Walipita ndani yake. Hilo halikumuumiza. Huku nje pia ilikuwa hivyo hivyo, na angalau kule walikuwa na sababu.

Mwisho wa mtaa kulikuwa na bomba la maji, na penye bomba alisimama mwanamke, amewapa watu wote mgongo. Ndoo ilikuwa miguuni pake. Mchoraji alikuwa amemfanyia mistari michache tu: kanga iliyofungwa chini ya kwapa, nywele zilizosukwa na kupandishwa juu, na katikati ya hivyo viwili kisogo kitupu, kimeinama kidogo. Kazija alisimama nyuma yake. Alisimama muda ambao nyumba hujengwa na kubomolewa. Mwanamke yule hakugeuka, maji hayakujaa, na ajabu ni kwamba Kazija hakutamani ageuke.

Siku ya kutundika ilipofika, ukumbi ulijaa. Watu wa mji ule walipenda siku hizo kuliko harusi. Mbele kabisa alikuwa Bwana Shomari, kinyozi na mtoto wa kinyozi, tumbo mbele na mikono nyuma. Na mlangoni, kama kawaida, aliingia Bi Mboja, bibi mfupi asiyekosa siku hata moja, ambaye katika kila picha alimsemea mtu na hakuwahi kuaminiwa.

"Bi Mboja," mtu akamwita kutoka nyuma, "leo ni zamu ya nani? Shangazi au mkwe?"

"Chekeni tu. Ukoo wangu mkubwa."

"Ukoo wako ungekuwa mkubwa hivyo, sisi wengine tungepata wapi pa kukanyaga?"

Wakacheka. Bi Mboja naye akacheka, kwa sababu ukicheka pamoja nao kicheko hakina pa kukupigia.

Bwana Shomari alisogelea picha. Alitazama, akarudi nyuma, akatazama tena. Akatikisa kichwa.

"Hapa si kwetu," alisema. "Nilidhani ni kwetu, lakini sipo penyewe. Sisi duka letu lilikuwa kushoto ukitoka bombani. Hili liko kulia. Na marehemu babu yangu alikuwa wa mkono wa kushoto, mji mzima ulijua, alinyoa vichwa vya watu kwa kushoto mpaka anaingia kaburini. Huyu anatumia kulia. Kafanana naye, masikini, lakini ni mtu baki."

"Kweli," mwingine akadakia. "Hata huyu wa vitumbua kafanana na nyanya yangu, ila nyanya alikuwa na kovu shavu hili hapa. Huyu analo huku."

"Basi ni mtaa wa watu wengine."

"Wamejuaje kutuiga hivi?"

Mmoja baada ya mwingine walisogea, wakawatazama wazee wao usoni, wakawakana. Waliwakana kwa uangalifu mkubwa na kwa ushahidi, na hilo ndilo lililomtisha Kazija, aliyekuwa amesimama kando na kisu chake: kwamba mtu anaweza kumkana babu yake kwa sababu tu anamkumbuka vizuri.

"Yule wa mkokoteni ni binamu yangu," alisema Bi Mboja.

Bi Arafa akamgeukia. "Kwa nini?"

"Kwa sababu amechoka."

Ukumbi mzima ulicheka mpaka watu wakafuta machozi. "Kuchoka si ukoo, Bi Mboja," alisema Bwana Shomari. "Kungekuwa ukoo mji huu wote tungekuwa ndugu."

Kivuli cha mlango kilianza kuukaribia ukuta. Hakuna hata mmoja aliyesemewa. Kazija hakuwahi kuona picha ya namna hiyo, ambayo mtaa mzima ungepaswa kutoka, ukabaki ukuta, paka na bomba.

"Ichovye," Bi Arafa alimwambia. "Ikilainika, anza na kinyozi."

Karatasi kavu haikwanguliki vizuri, hupasuka. Kwa hiyo Kazija aliibeba mpaka kwenye beseni pana karibu na dirisha, akailaza majini. Nyuma yake watu walikuwa wakitafuta viatu vyao na kuulizana habari za sukari. Rangi ya chai ilianza kutoka kwenye karatasi, ikatiririka polepole kama mtu anayekubali kosa si lake. Maji yakawa manjano. Akayamwaga, akatia mengine. Kisha akaiingiza mikono chini ya picha na kuiinua. Kwa sababu ilikuwa nzito na inateleza, akaiegemeza kwenye kioo cha dirisha, uso ukielekea nje, mgongo ukielekea kwake.

Jua la alasiri lilipita ndani yake.

Karatasi iliyolowa haifichi kitu. Mtaa ulitokea upande wa nyuma, ukiwa mzima na mng'avu, lakini ulikuwa umehama. Duka la kinyozi lilikuwa kushoto ukitoka bombani. Kinyozi alishika mkasi kwa mkono wa kushoto. Kovu la muuza vitumbua lilikuwa limevuka pua na kwenda kukaa kwenye shavu lake. Kazija alitazama, na taratibu akaelewa: bamba lilipoibusu karatasi, kila kilichokuwa kulia kilitua kushoto. Mchoraji aliuchora mtaa kama alivyouona, na uchapaji ukaugeuza. Walikuwa wameutazama mtaa wao kama mtu anavyojitazama kwenye kioo, wakasema huyu si mimi.

Alipaswa kuwaita. Hilo lilikuwa jambo dogo, na lilimshinda. Sauti yake ilikuwa mahali fulani chini ya mbavu, inakataa ngazi.

"Subirini," alisema.

Hakuna aliyesikia. Mtu alikuwa tayari amefika uani.

"Subirini. Ni kwenu."

"Hebu nyamazeni," alisema Bi Mboja. "Binti anasema kitu."

"Binti yupi?"

"Huyu wa kisu."

"Anasema? Kumbe anasema."

Wakarudi, viatu mkononi. Wakasimama mbele ya dirisha, karatasi ikidondosha maji sakafuni. Bwana Shomari alikuwa wa kwanza. Alinyoosha kidole bila kugusa.

"Huyu ni wangu," alisema. "Huyu ni babu. Mtazameni anavyokunja kiwiko, mzee wa watu. Babu, nisamehe."

Hapo ukumbi ulifumuka. Nyanya akapata mjukuu. Wenye gurudumu wakasemewa, mmoja na mwanawe aliyekuwa sasa mzee wa meno mawili. Hata wa mkokoteni alipata mwenyewe wa kumsemea, na Bi Mboja akampisha. Kazija alimtazama Bi Arafa akitegemea kumwona ameshangaa. Bi Arafa hakushangaa.

"Ulijua," Kazija alisema kwa sauti ya chini.

"Kila bamba hugeuza. Kazi yangu ni kuuliza, si kujibu."

"Na zile nyingine zote? Za huko nyuma, nilizokwangua?"

Bi Arafa alikuwa ameshageuka. Alikuwa anatazama dirishani. "Bado mmoja," alisema.

Alikuwa yule wa bombani. Watu walimsogelea, wakainamisha vichwa, wakajaribu kumwona uso kwa pembeni, kana kwamba karatasi ina pembeni. Lakini mtu aliyechorwa kwa nyuma, hata ukiigeuza picha, mgongo unabaki mgongo. Huyu anaweza kuwa mtu yeyote, walisema. Walisema bila ubaya. Wao walikuwa wameshapata wao.

*Mtoto wa mgongoni hajui uso wa mama yake. Uso ni habari ya baadaye. Dunia yake ya kwanza ni kisogo: joto lake, jasho lake, vinywele viwili vitatu vilivyokataa kusukwa. Anakitazama kabla hajajua kuwa kutazama ni tendo. Wengine wote hapa wanatafuta uso. Mimi sina uso wa kutafuta. Nina hiki.*

Haikuwezekana. Karatasi ile ilikuwa na umri mkubwa kuliko wote waliosimama mbele yake. Lakini katika nyumba ile jambo lisilowezekana lilikuwa likitokea kila siku kwa jina la utaratibu, na Kazija aliona hakuna sababu lisitokee mara moja kwa ajili yake. Alinyoosha kidole chenye maji.

"Huyu ni wangu."

"Mwenye kisu hasemei," alisema Bi Arafa.

Kazija aliweka kisu juu ya meza.

"Ukikiacha hapo hukichukui tena. Na katika nyumba hii hutalala."

"Najua."

"Kwa nini ni wako?"

Alieleza, kwa maneno machache na kwa kusitasita, habari ya mgongo na kisogo. Hakuna aliyecheka. Bi Arafa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza lile ambalo hakuna aliyewahi kuulizwa kwa sauti:

"Na wewe, nani anakutambua?"

Kazija aliwatazama. Alikuwa amewasafishia mababu zao ukungu kwa mikono yake. Macho yao yalimpita, kwa aibu, yakaenda kutua ukutani.

"Sisi tunamwona tu," alisema Bwana Shomari. "Tunamwona kila mara."

"Kuona si kutambua."

Kivuli cha mlango kilifika ukutani na kukaa.

"Mimi namtambua," alisema Bi Mboja.

Kicheko kilianza mahali fulani, kikakosa wa kukipokea, kikafa.

"Wewe unamtambua kila mtu," Bi Arafa alisema. "Eleza."

"Nieleze nini tena. Huyu hufunga mlango kwa kiwiko, mikono yake haikauki. Akianza kumkwangua mtu hufumba macho, halafu huyafumbua mapema, anaogopa kumkata wa jirani. Akimaliza, vumbi la karatasi hamwagi na taka. Hulikusanya kiganjani, akalifunga pindoni mwa kanga. Nimemwona. Sijui analipeleka wapi, na sikumuuliza, kila mtu ana makaburi yake. Na mnaponicheka mimi, yeye hacheki. Si adabu, msidhani. Alikuwa anataka mniamini ili apumzike."

Kazija akainamia beseni.

"Na wewe, Mboja," Bi Arafa aliendelea bila kupandisha sauti, "nani anakutambua?"

Bi Mboja alifungua mdomo. Miaka yote hakuwahi kufika kwenye swali hilo, kwa kuwa hakuwahi kuaminiwa kiasi cha kulihitaji jibu lake. Alionekana mdogo ghafla, kama kitu kilichowekwa mbali.

"Mimi," alisema Kazija. "Huvua viatu mlangoni hata siku wengine wanapoingia na matope, kwa sababu anajua ni nani anayepiga deki. Na hamsemei mtu ovyo. Mtazameni vizuri. Hajawahi kumsemea mtu aliyeshikwa mkono, wala aliyekaa mezani na wenziwe. Humsemea yule wa pembeni, ambaye anaona wazi hatapata mtu."

"Mnashikana wenyewe kwa wenyewe," alisema Bi Arafa. "Chini yenu hakuna kitu."

"Na chini ya Bwana Shomari?" aliuliza Kazija.

"Mimi ananitambua mke wangu," alisema Bwana Shomari.

"Na mke wako?"

"Namtambua mimi. Na majirani."

"Na majirani?"

Bwana Shomari alitaka kucheka, akaishia njiani. Kila mmoja ukumbini aliteremka ngazi zake mwenyewe, kutoka kwa mke hadi kwa jirani hadi kwa rafiki wa jirani, akitafuta sakafu, na kila mmoja akajikuta amerudi mlangoni alipoanzia. Kumbe mji wote ulikuwa hivyo. Ulikuwa nguo iliyoanikwa juu ya kamba, na kamba imefungwa kwenye nguo. Ilisimama kwa sababu hakuna aliyekuwa ameitazama.

Wakamgeukia Bi Arafa, kwa kuwa ndiye aliyebaki. Yeye alisimama wima, mikono imekunjwa, kama mtu ambaye kwa muda mrefu sana amekuwa akisubiri aulizwe swali lake mwenyewe. Hakuna aliyelijua jibu. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

"Wa bombani abaki," alisema hatimaye. "Ikaushe kabla hujatoka."

Watu walitoka polepole, bila kelele za kawaida. Kazija aliibandua picha kutoka kwenye kioo. Alitandika kitambaa cha pamba juu ya ubao, akailaza, mtaa ukimtazama. Alijua kwamba karatasi iliyolowa haiachwi wazi. Ikiachwa hujikunja, mtaa ukapinda, watu wakaangukiana. Lazima ifunikwe kwa kitambaa cha pili, ubao uje juu, mawe juu ya ubao, na isifunuliwe mpaka maji yote yamehama. Hilo huchukua siku kadhaa. Siku hizo yeye hangekuwapo.

Alishika kitambaa cha pili akakiweka juu ya vidole vyake, hakukishusha. Alimtazama yule wa bombani. Maji bado hayakujaa. Kwa kumwokoa alikuwa amejitoa mahali pekee alipoweza kusimama nyuma yake, na hakuna mtu wa kumlalamikia, kwa sababu utaratibu wa kuhifadhi ni huo, unakifunika kitu kwa mikono yako mwenyewe na kuondoka. Akakishusha kitambaa kuanzia upande wa kinyozi. Kisogo kilikwenda mwisho. Akaweka ubao. Akaweka mawe, moja moja, kwa upole ambao mawe hayakuuhitaji.

Bi Arafa alikuwa kwenye kiti chake chini ya ukuta mtupu. Hakuinua macho.

Nje jua lilikuwa bado kali. Mtaa ulikuwa na watu wengi, kila mmoja na upande wake, na Kazija akasimama asijue kulia kuna nini wala kushoto kuna nini. Hakuna aliyempisha. Bi Mboja alikuwa ameegemea ukuta wa ng'ambo, anajipepea kwa ncha ya kanga.

"Umekawia," alisema, kwa ukali wa mtu anayemwambia wake.

"Nilikuwa naweka mawe."

"Haya, twende. Kwangu padogo, nakwambia mapema." Walitembea kidogo. Kisha yule bibi akapunguza mwendo, akakohoa, akatazama pembeni kwenye duka lililofungwa. "Hivi," alisema, "jina lako nani, mwanangu?"

Kazija aliona haya kwa ajili ya wote wawili. Akalitafuta jina, akalipata, akalitoa taratibu, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja.